Ukishameza, Sema Mama

Sombetini, jioni, kabla hujaondoka

Mwanangu,

Shikamoo. Najua hakuna barua inayoanza hivi, mama hamwamkii mwanawe shikamoo. Lakini nikiacha shikamoo nitakuwa nimemkosea adabu baba yangu, na nikiacha "mwanangu" sitapata ujasiri wa kuandika yanayofuata. Pokea yote mawili, uchague mwenyewe lipi la kwako.

Halafu ni wewe uliyeanza. Nilipozaliwa mlinipa jina la bibi, mama yako mzazi, na tangu hapo sikumbuki uniite Ndeonasia hata siku moja. "Mama, niletee ndala zangu." "Mama, hesabu umemaliza?" Wenzangu wa shule ya msingi walikuwa wakija nyumbani wanabaki wameshangaa, mwanamume mzima ana saruji mpaka kwenye nyusi anamwita mama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Na mama aliyenizaa alipofariki, mimi nilidhani ndivyo ilivyo kila nyumba, kwamba mtu akiondoka cheo chake kinabaki kwa aliyepo. Nikakishika.

Sasa kesho mwanangu anaondoka nyumbani kwenda kukaa kwa dada yake, na mimi ndiye ninayebaki.

Shangazi Naomi ameshafunga blanketi zako na lile koti la mvua usilotaka kulitupa. Sasa hivi yuko uani anamenya ndizi za mtori. Mimi nimejifanya nasoma. Mambo ya kila siku sitakuandikia. Mto wa mgongoni, kukaa wima ukishakula usikimbilie kulala, kusafisha mdomo upande wa kulia ambako chakula hujificha shavuni bila wewe kuhisi, hayo yote nimemwonyesha Shangazi kwa mikono, na anayaweza. Anayaweza vizuri mno. Hapo ndipo shida yangu ilipo.

Nina wivu.

Nimeliandika, halijaniua. Isome barua hii mwenyewe, usisomewe na mtu. Isome kama unavyokula: kidogo, umeze, upumzike, ndipo uchukue kingine.

Nikumbushe tulikotoka. Kiharusi kilipokuangusha kwenye jukwaa la mbao kule Engutoto, mafundi wenzako walidhani ni jua. Hospitali walipokuruhusu, tukakurudisha ukiwa na mkono wa kulia uliolala, mguu unaoburuzika na maneno yaliyovunjika vipande. Sisi wote tuliangalia mkono na mguu. Ndugu walikuja kukusalimia, wanaulizana kama utashika tena mwiko wa kujengea. Koo hakuna aliyeliuliza. Nani anafikiria koo?

Nikakupa chai. Ukapaliwa. Basi tukafanya kama inavyofanywa nyumba zote tunazozijua: mmoja akakupiga mgongoni, wengine wakasema mpe maji, mpe maji, na mimi nikakimbia kuyaleta. Wewe mwenyewe ulikuwa mtu wa maji. Ulikuwa unasema maji ya mifereji ya kule Meru, kwenu, yana ladha, ya bomba hayana. Nilikushikia kikombe kwa mikono miwili. Nilikuwa na mapenzi yote ya dunia ndani ya kile kikombe, na ndicho kilichokurudisha hospitali ukiwa na homa na mapafu yanayokoroma.

Hilo kosa nimeshalilia, sililii tena hapa. Ninachotaka ujue ni kilichofuata. Yule dada wa hospitali, mtaalamu wa mambo ya kumeza, alinikalisha kwenye benchi akanieleza kwamba kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya hewa, na mlango unaofunga ile ya hewa kwako sasa unachelewa. Maji yana haraka, alisema, yanafika mlango ukiwa bado wazi. Kitu kizito kinakwenda taratibu, kinaungoja. Mimi nilikuwa naujua ule mlango, Baba. Biolojia tunasoma kwa Kiingereza, jina lake nililiandika kwenye mtihani nikapata tiki. Ila kwa Kiswahili haikuwahi kunijia kwamba na baba yangu anao.

Akasema kila utakachokunywa kiwe kizito kama asali. Nyumba yetu asali tunaiona kwenye harusi. Nikakoroga uji, mwepesi. Nikakoroga mwingine, ukawa ugali. Wewe ulikuwa umekaa unaniangalia, kisha ukanyoosha mkono wa kushoto, ukachota kwa kijiko, ukakiinamisha polepole vile ulivyokuwa ukijaribu mchanganyiko wa saruji kabla ya kupanga tofali. Uji ukachuruzika. Ukatikisa kichwa. Nikaongeza unga, nikachemsha, ukainamisha tena. Safari hii ukaning'inia kidogo kwenye kijiko, halafu ukaanguka wote kwa pamoja, pwa. Ukaitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia saidia fundi aliyeelewa.

Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko ile. Kuanzia hapo uji wako ulikuwa mimi. Jirani akija kusaidia nikiwa shule, nikirudi nilikuwa nachukua kijiko, nainamisha, natikisa kichwa. Hata ukiwa sawa nilitikisa kichwa. Unaona wivu haukuanza na Shangazi.

Halafu likaja lile jambo la sauti. Dada wa hospitali alinieleza kwamba mtu akikohoa wakati wa kula usiogope sana, kikohozi ni mlinzi, kinafukuza. "Ila mlinzi wa baba yako amelala," alisema. "Kitu kinaweza kuingia kwenye mapafu na asikohoe kabisa. Utamwona ametulia, kumbe ndiyo kinaingia. Kwa hiyo usimwangalie tu. Msikilize." Akafundisha kwamba kila baada ya vijiko vichache useme "aaa". Sauti ikitoka kavu, tuendelee. Ikitoka na majimaji, kama mtu anayeongea huku amebakiza maji kooni, tusimame, usafishe koo, umeze tena, tusikilize upya, na ikibaki vile chakula kiishie hapo.

Wewe ukakataa "aaa". Ukageuza uso ukutani kama mtoto aliyeonyeshwa sindano, na mdomo ukaubana. Dada akabembeleza. Mimi nikasema, kwa sauti ile yangu ya kujificha, "Baba, sema chochote tu." Ukageuka.

"Mama."

Zima, bila ufa. Neno lako la kwanza lililotoka zima tangu Engutoto. Dada wa hospitali akacheka akasema basi hilo linafaa, ana sauti yote humo. Na mimi nikaitika, "Naam, mwanangu," nikaona aibu, nikatazama viatu vyangu.

Ikawa ndiyo sala yetu ya chakula. Vijiko, kumeza, kungoja, "Mama," "Naam." Watu wa mtaa wakipita dirishani walikuwa wanatusikia na kucheka. Sikujali. Kuna watoto wanaitwa majina yao siku nzima hakuna anayewahitaji. Mimi nilikuwa naitwa, na kila nikiitwa nilijua uko salama.

Sasa Shangazi.

Jumapili ile alipokuja kutoka Makumira na galoni la maziwa na mkungu wa ndizi, alinikuta mlangoni akainama kwa utani, "Mama, za hapa? Binti yako nimekuja kumwona kaka." Maana bibi alikuwa mama yake na yeye, kwa hiyo kwa jina nimemzaa na yeye pia. Nilicheka kwa adabu. Akasema leo atakulisha yeye, mimi nipumzike. Nikasimama mlangoni kusubiri akosee.

Hakukosea. Alivuta kigoda akakaa, akawa chini yako kidogo, na wewe ili umwone ikabidi uinamishe kichwa. Baba, miezi yote hiyo mimi nilikuwa nakulisha nimesimama kama msimamizi wa mtihani, nakuambia kidevu chini, kidevu chini, na wewe unainua uso kunitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nakiinua kile kidevu.

Halafu akajipakulia. Mtori uleule wako, uliopondwa mpaka hauna kipande, kwenye bakuli kama lako. Akala kijiko, akameza, nawe ukala, ukameza. Akakusimulia ndama aliyekutumbukiza kwenye mfereji mkiwa wadogo, na viatu vipya vya Krismasi vikaenda na maji mpaka shamba la watu, na bibi akakuchapa kwanza ndipo akakukausha. Alikuwa anangoja umeze ndipo afike kwenye kichekesho. Ulicheka, Baba. Ulimaliza bakuli. Mimi bakuli langu hujawahi kulimaliza.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasugua sufuria safi.

Usiku wa siku ile ndipo nilipojiuliza mimi huwa nakula wapi. Nakula jikoni, nimejificha, nikishamaliza kukulisha. Maji nanywa nikiwa nimekupa mgongo. Nilidhani nakuhurumia, nisikutamanishe. Nikakulinda mpaka nikakuacha unakula peke yako, na mtu amesimama juu yako anakodolea koo lako. Hata mimi ningeshindwa kumeza. Kama kuna kitu nimejifunza katika umama wangu huu ni hicho, na kinaniuma kwamba aliyenifundisha ni yeye, na wala hakujua kama anafundisha.

Kisha kile kikao. Wakubwa wamejaa sebuleni, mimi napita na chai. Mmoja wao akasema mtoto huyu anamweza baba yake, tumwachie. Moyo wangu ukaruka. Shangazi akaweka kikombe chini. "Ndeonasia ni mama kwa jina," alisema. "Kwa umri ni mtoto, na mtoto ana shule. Mwaka huu anaingia kidato cha nne. Mimi nina nyumba isiyo na ngazi, nina ng'ombe wa maziwa, watoto wangu wamekwisha kuondoka. Nipeni kaka yangu." Wakakuuliza wewe. Nilisimama na sinia nikijua utakataa. Wewe ukaitikia kwa kichwa, chai bado inafuka.

Ulipita jikoni baadaye ukiegemea ukuta, ukaniambia, "Shule." Nilikusikia. Nilijifanya nageuza mkaa.

Basi nifike ninapoogopa kufika. Shangazi nimemfundisha kila kitu isipokuwa kimoja. Sauti sijamwambia.

Jana, tukiwa tunakukalisha, alisema kwa furaha, "Huyu siku hizi hata hakohoi. Asipokohoa najua mambo ni shwari." Nilipaswa kusema hapohapo. Nilikuwa na neno mdomoni. Nikanyamaza, na yeye akaona ni ule upole wangu. Watu wanasema binti wa fundi ni mpole, hana maneno, na mimi nimezoea kukaa ndani ya sifa hiyo kama ndani ya khanga. Jana nilijificha humo na kitu kibaya.

Sababu ya kwanza unaijua. Nikimfundisha, itabidi useme "Mama" mezani kwake, na atakayeitika ni yeye.

Sababu ya pili nimeiandika, nikaikata, naiandika tena. Niliwaza kwamba ukipata homa kule watasema Ndeonasia peke yake ndiye anayemweza, wakurudishe. Sikuomba uugue. Ila niliipitia picha ile kichwani, nikaona gari linaingia na mimi nimesimama mlangoni nikipokea, na sikuifukuza haraka. Hebu niambie huyo ni mama wa namna gani. Nilikuwa tayari uingiwe na chakula mapafuni ili mimi nibaki na neno.

Anaita. Mtori umeiva. Naweka kalamu.

Nimerudi. Umelala ukiwa umeegemea mito vile inavyotakiwa, Shangazi ndiye aliyeipanga. Nikuandikie mambo yalivyokuwa, maana mwanzo wake hukuwepo.

Nilimkuta kwenye jiko la mkaa anaponda. Nikasimama. Unajua mimi kuanza kuongea ni kama kuwasha jiko kwa kuni mbichi.

"Shangazi."

"Naam, mama."

"Hakohoi."

"Nani?"

"Baba. Kikipita njia mbaya, hakohoi. Kutulia kwake siyo dalili nzuri. Nilijua jana uliposema, sikukwambia."

Akaacha kuponda. Mimi nilikuwa natazama mwiko, mtori unadondoka kwenye ncha, na kichwa changu bila kuulizwa kikasema mzito sawasawa. Akaniuliza sasa mtu atajuaje. Nikamweleza sauti kavu na sauti ya majimaji, nikamwigia zote mbili, mimi, nikiwa uani, majirani wanasikia. Akauliza huwa unaambiwa useme nini. Nikainama kwanza nikaokota ganda la ndizi.

"Huwa anasema mama," nilisema.

Nilingoja anigombeze, na nilikuwa nimejiandaa, ningegombezwa ningepumua.

"Na hukutaka nilijue," akasema.

"Sikutaka."

Akafuta mikono kwenye khanga. Akaniambia kwamba nilipozaliwa yeye alilia, na siyo kwa furaha. Yeye ndiye binti pekee wa bibi, alimuuguza bibi mpaka mwisho, na alikuwa anangoja azae msichana ampe jina la mama yake. Akazaa wanaume watupu. Jina likaja Sombetini, kwa mtoto wa fundi, ambaye hata bibi mwenyewe hakumjua. "Nimekuita mama huku roho inaniuma," alisema. "Nikaona utani utaniponya. Haya, chukua mabakuli. Matatu."

Matatu, Baba. Uliona nilipokaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu kigoda ni kimoja. Uliniona nikijipakulia mtori wako na ukanitazama kwa mshangao, kama vile hukujua kwamba na mimi huwa nakula. Ni mzuri kumbe. Hauna chumvi ya kutosha, lakini ni mzuri. Tulikula. Shangazi alikuhesabia vijiko kwa macho, akakuacha umeze, akangoja, nami sikumkumbusha. Kisha akasema taratibu, "Haya, kaka. Sema."

Ukanitazama mimi. Ulikuwa unauliza. Nikaitikia kwa kichwa, kama ulivyoniitikia siku ya uji.

"Mama."

Lilinifikia kifuani. Naam yangu ilikuwa imeshapanda mpaka kwenye ulimi, nikachota kijiko kikubwa cha mtori nikakitia mdomoni nikaufunga. Shangazi alinitazama kwanza. Aliona shavu langu limejaa. Ndipo akasema, "Naam," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha kuvunjika, na machozi yakamtoka, akasingizia moshi.

Sauti yako ilikuwa kavu. Niliisikia mimi, na yeye akaisikia. Nikameza.

Kesho gari likija sitatoka mpaka barabarani, unajua sipendi kutazamwa na watu. Nitakuaga hapa ndani, kwenye kuta ulizozipanga mwenyewe. Ukifika huko, mwite. Mwite kila mlo, usimwonee aibu, usinionee huruma. Nitakuwa darasani nasoma jina la ule mlango kwa Kiingereza, na nitajua unafungwa.

Ila Jumamosi nakuja. Nitakuja na kigoda changu, nitajipakulia, nitakaa chini yako. Na ukishameza utasema, halafu tutaona mimi na Shangazi nani anaitika kwanza.

Ni mimi ninayekuamkia, mama yako,

Ndeonasia